Kizimamoto cha Land Rover ya zamani: kiwe cha aina gani, na kifungwe wapi?

Nyegezi_Series3 (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Land Rover Series III ya mwaka 1976, ile fupi ya inchi 88, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Nyaya zote zimebadilishwa, kabureta imefunguliwa na kusafishwa, na gari sasa linatembea: aghalabu Magu, mara nyingine Sengerema kwa kupitia daraja la Kigongo–Busisi, na huko mbele ni barabara za changarawe. Kilichobaki ni kizimamoto. Kile nilichokikuta ndani ya gari ni kidogo, cha zamani, maandishi yake hayasomeki, na kilikuwa kikibiringika nyuma ya siti bila kufungwa popote.

Mjini nimeonyeshwa mitungi ya poda kavu ya kilo 1 na ya kilo 2, pamoja na mtungi wa kabonidayoksaidi wa kilo 2. Muuzaji ananihakikishia kwamba poda huzima kila kitu, ilhali jirani yangu, ambaye ni fundi bodi, anadai kwamba poda hiyohiyo italila bati la aluminiamu, na kwamba heri nichukue kabonidayoksaidi isiyoacha uchafu. Naomba mwongozo kuhusu aina, ukubwa na mahali pa kukifunga, mkizingatia kwamba sipendi kutoboa ovyo bodi ambayo imefika hapa ilipo bila matundu ya kubahatisha.

Karakana_Mabatini

Mkuu, anza kwa kujiuliza gari lako litawakia wapi. Katika injini hiyo, manifoldi inayoingiza mchanganyiko wa hewa na petroli imefungwa pamoja na ile inayotoa moshi, zote upande mmoja, na kabureta imekaa juu yake. Mpira wa petroli ukipasuka au klempu ikilegea, mafuta yanadondokea palepale penye joto kali, na cheche moja tu ya waya wa plagi inatosha kumaliza kazi. Moto utakaokupata utakuwa wa petroli kwanza, kisha utaingia kwenye mipira, nyaya na hatimaye siti. Kwa hiyo, kabla hujatumia shilingi yoyote kwa mtungi, badilisha mipira yote ya petroli na uifunge kwa klempu mpya.

Kwa moto wa petroli, poda kavu ina nguvu kuliko dawa nyingine zinazouzwa kwa ajili ya magari madogo, ukilinganisha kilo kwa kilo. Lakini soma lebo, kwa sababu poda ni za namna mbili, na majina yake hutokana na herufi za aina za moto: A ni vitu vigumu kama mbao na kitambaa, B ni vimiminika kama petroli, na C nitaieleza hapo chini. Poda ya ABC hutengenezwa kwa monoamoniamu fosfeti, ambayo huyeyuka ikipata joto na kujipaka juu ya kitu kinachoungua, ndiyo maana huzima hata kitambaa na mbao. Kasoro yake ni kwamba ikipata unyevu huwa na asidi, na hapo jirani yako ana hoja, kwani aluminiamu na viungo vya umeme huanza kuliwa usipoiondoa mapema. Poda ya BC ni baikaboneti ya sodiamu au ya potasiamu. Madhara yake kwa metali ni madogo zaidi, ila kwa siti iliyokwisha kushika moto haitegemewi.

Uamuzi wangu ni poda ya ABC ya kilo 2. Bodi iliyopakwa poda inafyonzwa kwa mashine ya vumbi, inaoshwa, inakaushwa na kuendelea na maisha. Bodi iliyoungua haina dawa, kwa sababu aluminiamu ya Land Rover huyeyuka na kudondoka mapema kuliko chuma.

Nenda pia na macho yako kwenye namba za lebo. Mtungi uliopimwa kwa kiwango cha Ulaya wenye alama 34B, kwa mfano, umefaulu kuzima beseni la majaribio lenye lita 34 za kimiminika, theluthi moja maji na theluthi mbili kimiminika kinachowaka. Hivyo namba kubwa kabla ya B ndiyo unayoitafuta. Herufi C nayo huwachanganya watu: kwenye mitungi ya Ulaya inamaanisha moto wa gesi, kwenye mitungi ya Marekani inamaanisha moto wenye umeme, na madukani kwetu huingia yote mawili. Mwisho, kataa mtungi wenye vali ya plastiki. Novemba 2017 kampuni ya Kidde iliita sokoni zaidi ya mitungi milioni 37 nchini Marekani, yenye vipini na vitufe vya plastiki, kwa kuwa ingeweza kuziba au kushindwa kutoa dawa.

Peugeot504_Bwiru

Kaka Nyegezi, nakubaliana na fundi kuhusu mipira ya petroli, lakini kuhusu poda mimi nina msimamo tofauti, na ninausema nikijua kwamba gari langu nimelifunga mtungi wa gesi safi.

Wenye magari ya zamani huko Ulaya na Marekani wengi hupendelea gesi safi, kama vile HFC-236fa, kwa sababu haipitishi umeme, haiachi unga, na haiingii ndani ya kabureta na alternita kama poda inavyoingia. Zamani kazi hii ilifanywa na haloni, hususan haloni 1211, ambayo ilikuwa hodari mno. Kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni, iliwekwa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na nchi zilizoendelea zikaacha kuizalisha mwishoni mwa 1993. HFC-236fa haigusi ozoni, ila nayo hupasha dunia joto mara 9,810 kuliko kiasi kilekile cha kabonidayoksaidi, na ndiyo maana imo katika orodha ya gesi zinazopunguzwa na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyofanyiwa mkataba huohuo. Kwa hiyo bei yake ni kubwa na kuijaza upya si jambo la kutembea hadi mtaa wa pili. Anayetaka mtungi unaojazwa hapahapa Mwanza asinifuate mimi.

Naomba nikuonye kuhusu kile ulichokikuta ndani ya gari. Usikijaribu kwa kukifyatua, hasa ndani ya gereji. Vizimamoto vya magari vya miaka ya sabini mara nyingi vilijazwa haloni, na vile vya shaba vya zamani zaidi, vyenye pampu ya mkono, vilijazwa kaboni tetrakloridi, ambayo ikikutana na moto hutoa fosijeni, gesi ya sumu kali. Kipeleke kwa watu wa zimamoto wakuambie ni nini. Ukitaka kukibakiza kama pambo, kibaki kikiwa kitupu.

Mstaafu_Igoma

Nimefanya kazi ya uzimaji moto kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, nami niseme upande ambao wauzaji hawausemi.

Gesi, iwe hiyo safi au kabonidayoksaidi, inahitaji kukaa juu ya moto ili ifanye kazi. Upepo wa ziwa unapovuma mchana, mtu aliyesimama kando ya barabara pale Kisesa akifyatua kabonidayoksaidi ataona wingu zuri jeupe likiondoka zake. Isitoshe, mtungi wa kabonidayoksaidi una shinikizo la takriban baa 57 (baa 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida) katika nyuzi 20, wakati mtungi wa poda una baa 15 hivi. Ikipita nyuzi 31, kabonidayoksaidi haiwezi tena kubaki kimiminika, na shinikizo hupanda kwa kasi. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hupita joto hilo kila siku. Mtungi una kifaa cha kupunguza shinikizo likizidi, lakini hutaki kifaa hicho kifanye kazi yake ukiwa umekaa ndani ya kibanda chembamba, kwa sababu gesi hiyo hufukuza hewa ya kuvuta. Kwa gari dogo, iachie ofisini kwenye chumba cha kompyuta. Gesi safi ya dada wa Bwiru ni salama zaidi ndani ya gari, ila kwa uzito uleule haifikii poda.

Jambo linaloharibu kazi zaidi ni boneti. Mtu akiona moshi hukimbilia kuifungua wazi, hewa inaingia, na moto uliokuwa wa kufunika kwa kiganja unaruka hadi usoni. Kwenye Land Rover nyingi gurudumu la akiba limefungwa juu ya boneti hiyo, hivyo unahitaji mikono yote miwili kuinyanyua, na mtungi umeuweka chini. Zima injini, shusha watu wote, wapeleke mbali, na mtu mmoja apige 114, namba ya zimamoto. Achia kufuli ya boneti bila kuinyanyua zaidi ya upenyo wa vidole, chomeka mdomo wa mtungi hapo au kupitia uwazi wa juu ya gurudumu la mbele, kisha fyatua ukilenga chini ya moto. Poda haipoozi chuma. Manifoldi ikibaki na joto na petroli ikiendelea kuchuruzika, moto unarudi. Kwa hiyo usimalize mtungi wote ukaanza kushangilia. Mtungi wa kilo 1 huisha ndani ya sekunde chache, pengine 8 au 10, na huo ndio muda wote uliopewa. Nakubaliana na kilo 2.

Na moto ukiwa umefika chini ya siti, ondokeni. Gari linanunuliwa.

Nyegezi_Series3

Shikamoo mzee, na ahsanteni wote. Basi nitachukua poda ya ABC ya kilo 2 yenye vali ya chuma. Limebaki suala la mahali. Nilikuwa nimefikiria kuufunga mtungi kwenye ubavu wa boksi la siti upande wangu wa dereva, ili niufikie haraka, au nyuma karibu na mlango ambako kuna nafasi tele. Mnaonaje?

Karakana_Mabatini

Mkuu, weka keekee chini kwanza. Kwenye inchi 88 tangi la petroli liko chini ya siti ya kulia, yaani chini yako wewe dereva. Ukitoboa boksi la siti upande huo bila kulitoa tangi, unaweza kutengeneza moto unaojaribu kuuzima. Nyuma karibu na mlango nako hakufai, kwa sababu ukishashuka itakubidi uzunguke gari linalowaka, ufungue mlango wa nyuma na kusogeza mizigo.

Mahali ninapopapenda mimi ni uso wa mbele wa boksi la siti upande wa kushoto, ambako nyuma yake kuna sanduku la zana wala si tangi, mtungi ukilala kwa ubavu. Unafikika kutoka siti ya dereva, na aliyesimama nje kwenye mlango wa abiria anaufikia vilevile. Hakikisha lebo inaruhusu kulazwa, na kwamba miguu ya abiria haiupigi teke. Chomoa betri kabla ya kutoboa, na chungulia upande wa pili wa bati kwa tochi.

Breketi iwe ya chuma, yenye mikanda miwili ya chuma inayofunguka kwa kuvuta mara moja. Ile ya plastiki inayokuja bure ndani ya boksi itupe. Kanuni za mashindano za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinataka kishikizo kihimili mpunguo wa mwendo wa 25 g, yaani mara 25 ya mvutano wa dunia. Mtungi wa kilo 2 ukiwa umejaa huwa na uzito unaokaribia kilo 3.5, na kwa kipimo hicho unavuta kana kwamba una kilo 87. Skrubu za kujitobolea haziwezi kubeba hilo kwenye bati la aluminiamu. Tumia boliti za milimita 8 zenye nati za kujikaza, na kwa ndani weka kipande cha bati nene kinachotandaza uzito. Kwa kuwa chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu aluminiamu ndiyo huliwa, weka mpira mwembamba au rangi nzito katikati, na utumie boliti za chuma kisichoshika kutu. Hofu yako ya matundu naielewa. Haya yatakuwa manne, mahali pasipoonekana, na yanazibika siku ukitaka.

Mtungi usikae popote ambapo ukifunguka utabingirika hadi chini ya pedali ya breki. Huo uliokuwa nyuma ya siti yako ulikuwa hatari kuliko msaada.

Beetle_Kirumba

Nawaombeni niingize neno kwa wenye Volkswagen Beetle, maana mpangilio wake umegeuka: tangi liko mbele chini ya boneti na injini iko nyuma, kwa hiyo mtungi ufungwe ndani, mbele ya siti ya abiria, kwa kutumia boliti za reli ya siti ambazo tayari zipo. Kumbukeni pia kwamba bloku ya injini hiyo ni ya aloi ya magneziamu. Ikishashika moto, poda ya ABC haitaizima na maji yatauchochea. Ukiona mwanga mweupe mkali, kaa mbali nao.

Peugeot504_Bwiru

Hata mwenye Peugeot 504 anaweza kutumia boliti za reli ya siti bila kutoboa kitu. Bati la kona lililokunjwa na fundi wa kuchomelea linatosha kubeba breketi.

Mstaafu_Igoma

Marahaba mwanangu. Nyongeza yangu ni kuhusu matunzo. Mitungi mingi ya poda huandikwa kuwa inavumilia hadi nyuzi 60, nao upande wa dashibodi chini ya kioo unaweza kupita joto hilo, kwa hiyo mahali alipotaja fundi, chini na kivulini, panafaa. Mtikisiko wa changarawe huifanya poda ishindiliwe chini ya mtungi. Kila mwezi utoe, tazama mshale kama uko kwenye kijani, upindue kichwa chini na uutikise mpaka usikie poda ikitembea ndani. Siku ya kuutumia, ushike wima, kwa sababu ndani kuna bomba linalofika hadi chini. Ukiuinamisha kichwa chini gesi ya kusukuma itatoka peke yake na poda itabaki. Ukishafyatua hata kidogo upeleke kujazwa siku hiyohiyo, kwani chembe za poda hubaki kwenye vali na shinikizo huvuja taratibu, hata kama mshale bado unaonyesha kijani jioni ile.