Skrubu za tangi la bawa zimegoma: nyingine zimelika kichwa, nyingine zinazunguka bure

banda_la_pongwe
Habari za leo wakuu. Nina bawa la kushoto la RV-7, ndege ya kujiundia, lipo Pongwe hapa Tanga. Kabla halijafika kwangu lilikaa miaka kwenye banda la wazi karibu na bahari. Sasa tangi la mafuta lazima litoke, linavuja kwa nyuma.

Skrubu ni zile za kichwa cha kuzama, namba 8, nyuzi 32 kwa inchi. Zinaingia kwenye nati za bamba zilizopigwa ribiti upande wa ndani wa mhimili, ule ubao mkuu wa chuma unaobeba bawa. Nyingi zimetoka vizuri. Zilizobaki ziko za aina tatu: saba msalaba wa kichwa umelika umekuwa duara, tatu zinazunguka tu bila kupanda, na moja imepanda kidogo halafu ikakaza, haiendi mbele wala hairudi. WD-40 imelala humo usiku kucha, hakuna kitu. Fundi mmoja wa gereji anasema nipashe kwa gesi. Tangi liliwahi kutiwa petroli.

fundi_bati
Gesi isikaribie hapo. Tangi tupu lililowahi kuwa na petroli ni la hatari kuliko lililojaa, maana ndani kuna mvuke na hewa vimechanganyika. Hata bila petroli, bati lenyewe halitaki moto: aluminiamu ya ndege imepata ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na ukiipasha kupita nyuzi 150 hivi inaanza kulegea. Kwa macho huoni kitu.

Halafu usilaumu kutu peke yake. Hizo nati zimebonyezwa makusudi mdomoni zisiwe duara kamili, ili zibane skrubu isifunguke kwa mtetemo wa injini. Kwa hiyo skrubu mpya nayo inaingia kwa nguvu. Ongeza chumvi ya pwani na rangi iliyojaa msalabani, ndiyo umefika hapo ulipo.

Hizo saba zilizolika anza hivi. Chokoa msalaba kwa sindano ngumu mpaka uone chuma sakafuni. Rangi kidogo tu chini inatosha kuinyima bisibisi kina. Chukua biti mpya ya nyota namba 2. Namba 1 inaingia lakini inacheza, namba 3 haifiki chini. Paka nchani ile dawa ya kusagia valvu za injini, chembe zake zinauma chuma. Weka biti, igonge kwa nyundo ndogo mara mbili tatu ikae, halafu egemeza uzito wa mwili ndipo uzungushe. Nguvu kubwa iwe ya kukandamiza, ya kuzungusha ifuate. Na jaribu kwanza kukaza kidogo, robo ya robo ya mzunguko, kuvunja mshiko. Bisibisi ya umeme weka kabatini, ndiyo inayozila hizi.

mzee_wa_spana
Naongezea: kama una bunduki ya ribiti na kompresa, kuna kishikio chenye mkono kinachoingia mdomoni mwa bunduki, mbele kinabeba biti ya nyota. Presha iwe ndogo, itetemeke tu, huku mkono mmoja unazungusha. Mtetemo unaachanisha nyuzi na nati, na biti haipati nafasi ya kuruka nje. Bisibisi ya kugonga kwa nyundo kama za gereji za pikipiki inafaa kwenye chuma kinene. Kwenye bati lisilofika hata milimita moja utaacha bonde.

WD-40 ni ya kufukuza maji zaidi kuliko kupenya kutu. Tafuta mafuta ya kupenya yenyewe, au changanya oili ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Tikisa kila ukitaka kutumia kwa sababu vinatengana. Asetoni isiguse kioo cha plastiki cha chumba cha rubani wala rangi unayoipenda.

banda_la_pongwe
Ahsanteni. Vipi solda ya umeme, nikigusisha kichwani tu bila mwali?

fundi_bati
Kwenye kifuniko cha injini au sakafu ya chumba cha rubani ni njia nzuri sana, dakika mbili tatu kisha mafuta ya kupenya wakati inapoa. Kwenye tangi linalovuja, hapana.

keekee_taratibu
Tuseme mbili tatu zimekataa yote hayo. Usipoteze siku, kata kichwa.

Kichwa cha skrubu hii kina kina cha karibu milimita 1.8, na shina lake ni milimita 4.2. Chukua biti ya drili ya milimita 3.2, izungushie utepe milimita 2 kutoka nchani uwe mpaka wako, kisha anza polepole katikati ya msalaba. Duara lililolika linakupa kitovu bure, ila hakikisha halijalika kwa upande mmoja. Kama limelika, piga alama ya sentapanchi kwanza. Ukifika kwenye utepe, badili biti ya 4.0 urudie kina hichohicho. Kichwa kitakatika na kupanda na biti kama pete. Kisipopanda, ingiza pini kwenye tundu uisukume pembeni, itavunjika. Usiende na biti ya 4.5 "ili iishe haraka", hapo unakula tundu la bati na hilo hulirudishi.

Chuma kilichomwagika kifyonze au kiokote kwa sumaku siku hiyohiyo. Chembe za chuma juu ya aluminiamu kwa unyevu wa Tanga zitaacha madoa ya kutu asubuhi.

Tangi likishatoka, shina linabaki limesimama kwenye nati. Lishike kwa vaisgripu. Mara nyingi linatoka bila ubishi, kwa sababu kilichokuwa kinabana ni kichwa dhidi ya bati. Na usisahau bolti za ndege za aina ya AN3 zinazoshika mabano ya nyuma ya tangi kwenye mhimili. Skrubu zote zikitoka na bolti hizo zipo, tangi halisogei, na watu huanza kulipigapiga bure.

Vile vitoa skrubu vya nyuzi za kushoto sivipendi kwa saizi hii. Ni vyembamba na vigumu kama kioo. Kikivunjikia ndani, drili ya kawaida haikitoboi. Afadhali biti ya drili inayokata kinyume: ikiuma, mara nyingine skrubu yenyewe inatoka nayo.

mzee_wa_spana
Zile tatu zinazozunguka: ribiti za nati zimekatika, nati inazunguka pamoja na skrubu. Ukidrili hapo vyote vitazunguka na kulipasha bati. Penyeza kabari nyembamba ya plastiki kati ya bati la tangi na mhimili, karibu na skrubu. Kabari inavuta nati ikandamizwe kwenye mhimili na kichwa kwenye bati, msuguano unarudi, ndipo ufungue au udrili. Usitumie kisu. Ukikwaruza mhimili, umehamisha tatizo mahali ghali zaidi.

Nati mbovu ibadilishe. Ribiti zake za inchi 3/32 drili vichwa kwa biti ya 2.5, sukuma mashina kwa pini huku nyuma pameegemezwa mti. Soma michoro kabla ya kuagiza: nati ya namba K1000-08 ni bapa, ya K1100-08 imebonyezwa kupokea kichwa cha kuzama. Hazibadilishani.

keekee_taratibu
Mkuu banda, ile moja iliyokaza katikati hainipi amani. Itazame kwa lenzi. Kichwa kimekaa sawa na bati, au pembeni kuna ufa wa duara?

banda_la_pongwe
Hata kabla haijapanda kulikuwa na ufa, na ilijitokeza juu ya wenzake kidogo. Rangi yake pia inang'aa, wenzake ni za manjano.

keekee_taratibu
Basi hiyo ni M4, skrubu ya milimita 4, ya duka la vifaa. Pembe ya kichwa chake ni digrii 90, ya shimo la ndege ni digrii 100, kwa hiyo kinagusa chini tu. Uzi hadi uzi kwenye skrubu ni milimita 0.7, kwenye nati ni karibu 0.79. Inaingia mizunguko michache kisha inajisokota. Usihangaike nayo, kata kichwa, na nati yake itupe hata ikionekana nzima.

fundi_bati
Na kama inang'aa huenda ni chuma cha pua. Kikigusana na aluminiamu penye chumvi, kinachoharibika ni aluminiamu. Ukikuta unga mweupe kwenye tundu, safisha kwa brashi ya nailoni, usitumie ya chuma, kisha paka rangi ya kuzuia kutu.

Wakati wa kurudisha, skrubu zote mpya, agiza robo zaidi ya unazohitaji. Kila moja ipitishe kwenye nta ya mshumaa kabla ya kuingia. Sabuni ya kipande, kama wanavyofanya maseremala, hapana: ina magadi na inavuta maji.

mzee_wa_spana
Wengine hupitisha tapu, kile cha kukatia nyuzi, kwenye nati ili skrubu iteleze.

fundi_bati
Wakifanya hivyo wameua mbano. Nati ambayo skrubu inafika mwisho kwa vidole haifai kurudi kwenye bawa.

banda_la_pongwe
Nimeelewa. Kabari nakata kwenye dumu la mafuta ya kula, biti za 2.5, 3.2 na 4.0 nazipata Ngamiani, hapa Tanga mjini. K1100-08 ndizo zilizo kwenye mchoro, nimeangalia sasa hivi.

keekee_taratibu
Chukua biti za kobalti kama zipo, na 3.2 chukua mbili.