Uzamili wa ada kubwa mwaka mmoja, au wa bure miaka miwili?

Mzani:
Wakuu, mwenye barua mbili za kujiunga na uzamili wa takwimu aende wapi? Chuo A ni mwaka mmoja, ada dola 30,000, hakuna tasnifu, kiko kwenye jiji lenye mabenki na kampuni za bima. Chuo B ni miaka miwili, ada imesamehewa kwa sharti la kusaidia kufundisha saa 20 kwa wiki, posho dola 1,500 kwa mwezi, tasnifu lazima, mji mdogo. Gharama za kuishi tuseme 15,000 kwa mwaka kote kuwili. Lengo ni ajira, si uhadhiri.

Kikokotoo:
Tuchukulie mshahara wa kuanzia ni 40,000, ukikatwa kodi unabaki 32,000. Mwisho wa mwaka wa pili, wa A ametoa 45,000 kisha akabakiza 17,000 ya mwaka mmoja kazini. Yuko chini 28,000. Wa B kila mwaka anapokea 18,000, anatumia 15,000, na ada ndogondogo zisizosamehewa tuziweke 2,000. Ana akiba ya 2,000 kwa miaka yote miwili. Pengo ni 30,000. Ili lizibwe kwa miaka mitano, A inapaswa kumlipa mhitimu wake 6,000 zaidi kila mwaka baada ya kodi. Hapo sijagusa riba. Mkopo wa 30,000 kwa 8% na kwa miaka 10 ni kama 364 kila mwezi, jumla karibu 43,700. Riba ikiwa 12% ni 430 kwa mwezi.

KalamuNyekundu:
B, bila kufikiri mara mbili. Uzamili wa mwaka mmoja usio na tasnifu ni risiti ya ada iliyopigwa muhuri.

BintiTakwimu:
Risiti ya ada? Una ujasiri, ndugu. Tasnifu nyingi za uzamili husomwa na watu watatu, na mmoja wao ni msimamizi. Meneja wa benki anayetafuta mtu wa kupima hatari ya mikopo anakupa data chafu na saa tatu. Haulizi ulinukuu nani sura ya pili.

KalamuNyekundu:
Dada, na ni nani atakayekufundisha kusafisha hiyo data chafu? Kozi kumi za mihula miwili zinakupa data iliyokwisha safishwa na mwalimu. Kwenye tasnifu unakutana na rekodi zilizojirudia, vipimo vilivyokosekana na majina ya safu yasiyoeleweka, na hakuna majibu nyuma ya kitabu.

BintiTakwimu:
Mradi wa mwisho wa muhula mmoja, ukifanywa na kampuni halisi, unakupa hayo hayo. Mwambie Mzani aulize kama Chuo A kina mradi wa namna hiyo na nani hutoa data.

Mzee wa Mihula:
Tasnifu ina hatari ambayo hamjaitaja: muda. Kibali cha maadili ya utafiti kikichelewa wiki nane, ukusanyaji wa data unaangukia likizo. Msimamizi akienda mapumziko ya kitaaluma, sura zinakaa mezani. Ufadhili wa Chuo B nao ni mihula minne, na muhula wa tano unaulipia mwenyewe. Vijana, kabla ya kukubali ulizeni swali moja: kati ya walioanza miaka mitatu iliyopita, wangapi walimaliza ndani ya mihula minne?

KalamuNyekundu:
Mzee, shikamoo, lakini hilo ni kosa la msimamizi. Tasnifu haina hatia.

Mzee wa Mihula:
Marahaba. Mwanafunzi ndiye anayelipa, kosa liwe la nani.

Sarafu:
Mnagombana juu ya tasnifu na hesabu ya Kikokotoo ina tobo. Posho ya kusaidia kufundisha mara nyingi ni ya miezi tisa, kwa sababu likizo ndefu hakuna darasa la kusaidia. 1,500 mara tisa ni 13,500. Wa B basi anapungukiwa 3,500 kila mwaka, 7,000 kwa miwili. Pengo linashuka kutoka 30,000 hadi 21,000. Bima ya afya isipokuwemo kwenye msamaha, linashuka zaidi.

Kikokotoo:
Nakubali, barua isipotaja miezi 12 hesabu yangu imepanda juu. 21,000 kwa miaka mitano ni 4,200 kwa mwaka. Bado Chuo A kithibitishe kwamba kinaleta hizo.

BintiTakwimu:
Wanathibitisha. Vyuo vya aina hiyo vinaandika 95% ya wahitimu wameajiriwa.

Kikokotoo:
95% ya nani? Darasa la watu 120, wakijibu 40, 95% yao ni 38. Hao ni chini ya theluthi ya darasa. Ondoa waliokuja wakiwa na kazi zao na kurudi kwa mwajiri yule yule. Hesabu pia kama kazi ya saa kumi kwa wiki imeitwa ajira. Na usipewe wastani wa mshahara, maana wawili wenye malipo makubwa wanaupandisha. Omba mshahara wa kati, ule unaoangukia katikati mishahara yote ikipangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa.

Dira:
Ada haisemi chochote bila ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. Ukitaka rahisi nenda Ujerumani, bure kabisa. Au Uingereza, unapewa miaka miwili.

Sarafu:
Dira, taratibu. Jimbo la Baden-Württemberg huko Ujerumani linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Na kwa viza ya Ujerumani, njia ya kawaida ya kuonyesha fedha ni akaunti iliyofungiwa, ambayo unaitoa kidogo kidogo kila mwezi, euro 11,904 kwa mwaka. Ni pesa yako, lakini lazima uwe nayo kabla ya safari. Uingereza, watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapata miezi 18, isipokuwa wenye uzamivu, ambao wanabaki na miaka mitatu.

Dira:
Nilikuwa na kanuni ya zamani. Marekani je?

Sarafu:
Miezi 12, na mingine 24 kama programu imeandikishwa kwenye orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kinachotazamwa ni msimbo wa programu, yaani namba ya fani, kwenye fomu ya I-20 ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza ya mwanafunzi. Jina zuri la kozi halisaidii. Kozi mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na misimbo tofauti.

KalamuNyekundu:
Na mwajiri atakapouliza umewahi kufanya kazi moja mwanzo hadi mwisho, msimbo utajibu?

BintiTakwimu:
Mradi utajibu!

Mzani:
Wakuu, Chuo B ni cha Marekani. Nimerudia barua yao: posho ni "kwa mwaka wa masomo", na msamaha "unategemea upatikanaji wa fedha". Wanataka jibu tarehe 1 Aprili.

Mzee wa Mihula:
"Mwaka wa masomo" ni ile miezi tisa ya Sarafu. Waandikie leo, uulize mambo matatu: mwaka wa pili umehakikishwa au unaombwa upya, kwa alama gani, na bima analipa nani. Kuhusu tarehe, tazama kama chuo kimesaini azimio la Baraza la Shule za Uzamili la huko. Waliosaini wamekubaliana kutomlazimisha mwenye ufadhili kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Litaje azimio hilo kwenye barua pepe, kwa heshima, na uombe siku 14 zilizobaki.