Mrejesho: nanga ilitembea usiku, ila tumerudi salama

Wakuu, ni yule niliyeuliza kamba ya nanga niachie kiasi gani nikilala na boti karibu na miamba. Tulitoka Mkoani, Pemba, mashine ikazingua njiani, nyuma ya kisiwa cha Fundo tumefika saa nne usiku, bahati kulikuwa na mbalamwezi. Kina mita 5, nikaachia kamba mita 25, mara tano ya kina kama mlivyosema, kumbe ni bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) na hapo maji yamekupwa, akili zangu bana! Saa kumi yamejaa karibu mita 4 zaidi, kamba imekaza tiii, nanga inakwaruza matumbawe krrr krrr, jiwe hilo hapo. Tukasogea kwenye mchanga, nikaachia 45, ikatulia. Mzee uliyesema nifunge chelezo (boya lenye kamba yake) kwenye nanga, asante, asubuhi nanga ilinasa nikaivuta kwa kamba hiyo.