Naombeni ushauri: nataka kujiundia kayaki ya maji ya kasi

Kasia_Umoja:
Wadau habari zenu. Nina kilo 72, miaka miwili sasa napanda Sagana wikendi kupiga kasia na kayaki (vile vimtumbwi vyembamba vya kukaa ndani) za kukodi, na nimeamua niwe na yangu. Ya plastiki kutoka nje ukiongeza usafiri na ushuru siiwezi kabisa. Nimechora ya mita 2.6, upana sentimita 65, plaiwudi ya milimita 6 ishonwe na waya halafu nipake faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na resini, ile gundi inayoganda, juu. Plaiwudi itahimili mawe ya mto Tana kweli? Na omo (ncha ya mbele) na tezi (ya nyuma) nizipandishe kiasi gani?

Mzee wa Mto:
Kijana wangu, plaiwudi peleka Naivasha kwa maji yaliyotulia. Mtoni ukibamizwa ubavu kwa jiwe inavunjika na vile vipande vina ncha, na miguu yako iko humo ndani. Faiba yenyewe ndiyo njia, miaka ya 70 watu Ulaya na Marekani walikuwa wanaziunda kwa gereji zao kabla plastiki haijashika. Chini na kwenye ncha ongeza matabaka. Halafu ipinde kama ndizi, omo ipande kuliko tezi, ndio ukishuka kwenye wimbi ipande juu isizame pua.

fundi faiba:
Naona hujasema utatumia moldi gani, yaani umbo la kupakia faiba. Wengi wanachonga ile povu nyeupe ya kufungia tivi, ni rahisi kuchonga lakini resini ya polyester inaiyeyusha ukiona hivi hivi, ifunike kwanza ama utumie epoxy ambayo ni bei lakini pia ni ngumu zaidi. Kwa polyester, hadena (dawa ya kugandisha) iwe asilimia 1 hadi 2, na upime, usikadirie kwa macho maana ukizidisha inachemka na kukauka kabla hujamaliza kupaka. Usifanyie ndani ya nyumba kaka, na maski iwe ya kuzuia mvuke, ya kitambaa haisaidii kitu.

Wambo_K:
Mnaongea umbo na hakuna aliyeuliza atatokaje humo. Mimi niliwahi kubanwa kwa jiwe, maji yakakandamiza sitaha (kifuniko cha juu) ikashuka kwa mapaja yangu, wenzangu ndio walinivuta. Tafadhali weka nguzo ya sponji ngumu katikati ya miguu kutoka chini hadi kwa sitaha, tundu la kukalia liwe refu magoti yatoke bila kujikunja, na jaza mifuko ya hewa mbele na nyuma ndio ikijaa maji isizame. Vishikio vya kamba kwa ncha zote mbili, na vifungwe hadi ndani, sio gundi tu.

Kasia_Umoja:
Asanteni sana, plaiwudi nimeachana nayo. Wambo pole kwa yaliyokupata, hilo la tundu sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Kesho nakata katoni za friji niunde hiyo sehemu ya kukalia peke yake, niketi na viatu vya mtoni na laifujaketi, nione kama natoka haraka. Resini itangoja.