Ateri ya shingo ya silikoni: rangi inavurugika, kingo zinameta. Nakosea wapi?

Mwanamkondo
Wakuu, naombeni msaada kabla sijaitupa hii kitu. Nilimimina silikoni angavu kuzunguka umbo la nta, nikaiyeyusha nta, nikabaki na ateri ya shingo pale inapogawanyika: tawi moja la ubongoni, jingine la usoni. Njia kuu ina kipenyo cha milimita 6. Napitisha maji kwa pampu ndogo na kudunga rangi nyekundu kwa sindano. Tatizo, kingo zinameta, kwa hiyo karibu na ukuta sioni kitu, na huko ndiko ninakotaka kuona. Halafu rangi inakwenda kama uzi kwa sentimita mbili hivi, baada ya hapo yote sharubati. Mkondo ndivyo ulivyo, au nimeuvuruga mwenyewe?

KiooSafi
Kumeta ni suala la mwanga. Kipimo cha maji cha kupinda mwanga ni 1.33, silikoni ya aina hiyo ni karibu 1.41, ndiyo maana mpaka wao unaonekana. Tumia maji yenye gliserini, kama asilimia 60 kwa uzito. Mizani peke yake usiiamini: kata kipande cha silikoni ileile, kitumbukize kwenye bilauri ya mchanganyiko, ongeza gliserini kidogo kidogo mpaka kipotee machoni. Mimi mara ya kwanza nilikipapasa kwa kidole nikidhani kimedondoka nje.

MzeePampu
Sawa, ila hapo pana mtego. Mchanganyiko huo ni mzito: mnato wake ni karibu mara tatu ya wa damu, hata ukizingatia tofauti ya densiti. Ukiupitisha kwa kasi ya damu, mkondo utatulia kupita kiasi. Kinachotakiwa kulingana na damu halisi ni namba ya Reynolds (uwiano kati ya msukumo wa mwendo na mnato, ndio unaoamua mkondo utulie au uvurugike), kwa hiyo kasi nayo iwe kama mara tatu. Ukitaka na mapigo, 70 kwa dakika yanakuwa 200 na ushee! Anza na mkondo usiopiga.

Sharubati naishuku sindano. Rangi ikitoka kwa kasi kuliko maji yaliyoizunguka, inajivuruga yenyewe. Tumia sindano nyembamba, ilale sambamba na mshipa, mbali kabla ya njia panda. Pampu iondoe, weka ndoo juu yenye tundu la kufurikia ili kimo kisibadilike. Na maji yaliyokwisha kupita usiyarudishe.

Mwanamkondo
Nimerudi. Kipande kilipotea kweli! Uzi sasa unafika njia panda bila kukatika. Lakini kwenye kile kifuko mwanzoni mwa tawi la ubongoni, ukuta wa nje, rangi ilijikunja ikarudi nyuma polepole. Nilipofunga sindano, kwingine kote kulisafika, pale ikaendelea kuzubaa.

MzeePampu
Hapohapo ndipo mafuta hupenda kuganda kwa watu, kwa sababu mkondo hausugui ukuta vya kutosha. Sogeza sindano milimita moja kuelekea upande huo, kisha utuwekee picha.