Wajukuu wa Heru Juu: mabaki ya nyuzi na mikono ya Bibi

Jumamosi

Elia, 06:38
Shikamooni wote. Huku Heru Juu kipupwe kimekaza. Bibi ameamka tangu saa kumi na moja, amekaa barazani anachambua maharage ya mbegu, na vidole vimemfa ganzi. Anauliza kama huko mjini kuna glavu. Si zile za mpira.

Mama Neema, 06:52
Marahaba baba. Mpe Mama pole, mwambie aingie ndani kwanza hadi jua lichomoze, maharage hayakimbii.
Glavu nilizoona hapa Mwanga, Kigoma mjini, ni za waendesha pikipiki, nene na ngumu. Punje ya haragwe hataishika. Nitamfumia mwenyewe. Nina mfuko mzima wa mabaki ya nyuzi tangu msimu wa masweta ya shule.

Mama Neema, 06:53
[Picha]
Maruni, bluu, nyeupe na kijani kidogo.

Mwalimu, 07:10
Shikamoo dada. Kigoma mjini tunasahau jinsi huko nyumbani milimani kulivyo. Ziwa letu la Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1000 joto linashuka kwa takriban digrii 6. Sisi tunalala na dirisha wazi, Mama anawasha moto alfajiri.

Stella, 07:15
Dada, hivyo vibonge kweli vinatosha jozi? Kile cha kijani kama limau.

Mama Neema, 07:31
Vinatosha ukivigawa KABLA hujashika sindano. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Mwaka jana nilimfumia glavu mlinzi wa mtaani kwetu. Nikaanza mkono wa kulia, nikanogewa, nikaupandisha hadi karibu na kiwiko, umependeza kweli. Nilipofika nusu ya mkono wa kushoto uzi ukaisha. Rangi ile sikuipata tena sokoni. Nilifumua yote miwili usiku ule ule na yule mzee akakaa wiki nyingine akijipulizia mikono.
Tangu siku hiyo kila kibonge nakigawa mara mbili kwanza. Kulia rangi zake, kushoto rangi zake, kila mmoja kwenye kikapu chake.

Elia, 07:34
Unagawaje sawasawa, shangazi? Kwa macho?

Mama Neema, 07:40
Macho yanadanganya, kibonge kilichokazwa kinaonekana kidogo kumbe ni kirefu. Mwenye mizani ya gramu apime. Jozi ya vidole wazi, yaani vidole vikitokeza nje, ya mtu mzima inakula kama gramu 40 hadi 60. Nilipeleka haya yote kwa jirani muuza dagaa, ana mizani ya betri: maruni 35, bluu 22, nyeupe 18, kijani 12. Jumla 87.
Asiye na mizani atafute mwenzake. Mmoja ashike ncha ya nje ya uzi, mwingine avute ncha ya ndani, kila mtu anaviringisha kibonge chake. Mnaviringisha, mnaviringisha, hadi uzi unakazika katikati yenu, kila mmoja anauvuta kwake. Hapo ndipo nusu. Kata. Jana nilifanya hivyo na Baraka hapa kibarazani.

Baraka, 08:02
Na mimi nilikuwa naviringisha haraka kuliko yeye, ikabidi turudie 😊

Mama Neema, 08:03
Ndiyo, mwendo uwe mmoja. Hilo nilisahau kusema.

Neema, 09:47
Shikamoo mama, shikamooni wakubwa. Huku Trondheim, Norway, sasa ni kiangazi lakini madukani glavu za kufumwa zipo mwaka mzima. Kuna wilaya jirani inaitwa Selbu, imejulikana kwa glavu. Wanasimulia kuwa mwaka 1857 binti mmoja, Marit Emstad, alifuma glavu za rangi mbili zenye nyota ya petali nane, akazivaa kanisani, na kijiji kizima kikaiga. Hadi leo nyota ile ndiyo alama yao.
[Picha]

Stella, 09:55
Mashallah zimenyooka hizo. Lakini mbona hazina vidole?

Neema, 10:01
Hizo ni za kifuko, mama mdogo. Gumba peke yake, vidole vinne pamoja ndani. Zinatia joto kuliko za vidole vitano kwa sababu vidole vinapashana. Na rangi mbili zina faida: uzi ambao hautumiki unapita kwa nyuma, kwa hiyo glavu inakuwa kama ya tabaka mbili.

Mwalimu, 10:06
Tuelewane maneno basi, maana "glavu zisizo na vidole" inaweza kuwa hizo za Neema, au zile ambazo vidole vinatokeza nje.

Mama Neema, 10:12
Humu ndani tuseme "kifuko" na "vidole wazi". Mama ni vidole wazi, lazima ashike punje na jembe. Kifuko ni cha Elia na wadogo zake wakienda shule asubuhi.
Neema mwanangu, nyota ni nzuri, ila zile nyuzi zinazopita ndani zitamnasa Bibi yako kila akivaa. Vidole vyake havinyooki tena. Nitaweka mistari tu.

Yusta, 12:20
Shikamoo mama mkubwa. Ndiyo nimetoka zamu. Hilo la nyuzi za ndani naomba nilikazie, hasa kwa wanaowafumia watoto wachanga. Uzi mmoja uliolegea ndani ya glavu ya kichanga unaweza kujiviringisha kwenye kidole chake na kukata damu. Mtoto analia tu, mama anadhani ni tumbo. Ukimfumia mchanga geuza glavu nje ndani, choma ncha zote ndani ya mishono, kata kila kinachoning'inia, na usiweke kamba ya kufunga kifundoni.
Na Bibi: pindo la kifundo lisimbane. Ganzi ikiondoka akishapata joto sawa, isipoondoka Elia umlete kituo cha afya, usisubiri glavu.

Elia, 12:26
Sawa dada. Jua likitoka huwa inaondoka. Nitaangalia kesho pia.

Stella, 13:05
Dada, swali. Uzi wako wa masweta ya shule ni akriliki, ule wa plastiki?

Mama Neema, 13:09
Ndiyo.

Stella, 13:11
Mama anachochea kuni kwa mkono.

Mama Neema, 13:18
Umenishtua. Kweli kabisa. Akriliki ikipata moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Kwa Mama siiweki.

Stella, 13:30
Nina sweta moja la mtumba limekaa bandani miezi, limetobolewa na nondo tumboni, hakuna mteja analitaka. Zito, rangi ya kahawa. Lebo haipo. Nitajuaje kama ni sufu?

Mama Neema, 13:36
Chomoa kipande cha uzi urefu wa kidole, ushike kwa koleo au kibanio, uchome juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake unayasaga kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha donge jeusi gumu kama shanga.

Stella, 14:02
Nywele! Duka lote linanuka kama saluni. Na majivu yamesagika.

Mama Neema, 14:04
Mungu mkubwa. Sasa angalia mshono wa ubavuni. Umeshonwa kwa mnyororo unaofumuka, au ni ovaloki?

Stella, 14:10
Ovaloki itakuwaje?

Mama Neema, 14:21
Nyuzi nyembamba nyingi zimezungushwa ukingoni, na kitambaa kimekatwa pale. Hilo ukilifumua unapata vipande vipande, kila mstari kipande chake, halifai. Unalotaka ni lile ambalo kila upande ulifumwa kwa umbo lake, kisha zikaunganishwa kwa uzi mmoja. Ukikata ule uzi wa kuunganishia, mkono wa sweta unabaki mzima mkononi mwako.

Stella, 14:33
Ni mnyororo. Mkono umetoka mzima!
[Picha]

Mama Neema, 14:35
Toa na wa pili. Hapo kugawa kumeshafanyika wenyewe. Mkono mmoja wa sweta kwa mkono mmoja wa Mama, hauhitaji hata mizani.

Mama Neema, 14:49
Anza kufumua kutoka begani ushuke kwenye pindo. Kwa kawaida mkono hufumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo ukianzia pindoni uzi utakwama kila mstari. Viringisha kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, usitengeneze kibonge. Funga sehemu nne kwa kamba zilizolegea. Uzi utakuwa umejikunja kama tambi, usiogope. Loweka kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, USISUGUE, sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto inaganda kama blanketi. Kisha utundike kivulini na chupa ya maji chini yake iuvute. Ukikauka umenyooka.

Stella, 15:02
Chupa ya nusu lita inatosha?

Mama Neema, 15:03
Inatosha sana.

Elia, 16:40
Shangazi, na mimi naweza kujifunza? Vifuko vyetu nivifume mwenyewe. Sindano sina, ila baiskeli ya marehemu babu ina spoki.

Mama Neema, 17:15
Unaweza baba, na umenifurahisha. Mimi nilijifunza kwa spoki hizo hizo, labda za gurudumu hilo hilo. Lakini spoki ni nyembamba, kama milimita 2, kitambaa kitakaza kama turubai. Huu uzi unataka sindano ya milimita 4. Kata mwanzi mkavu nyuma ya nyumba, upasue, uchonge vijiti viwili vya urefu wa kitanga cha mkono mara mbili, upige msasa hadi visikwaruze shavu. Halafu visugue na mshumaa, uzi utateleza.
Nakutumia akriliki ya rangi nne, imeshagawanywa. Ukivivaa kaa mbali na jiko. Kifuko kina kupunguza vitanzi kileleni, kwa hiyo anza na vidole wazi, ambavyo ni kipande cha mstatili tu:

Anzisha vitanzi 40. Fuma viwili mbele, viwili nyuma, mwendo wa sentimita 6, hiyo ndiyo sehemu inayovutika ya kifundo. Baada ya hapo fuma kawaida, mbele mstari mmoja, nyuma mstari unaofuata, hadi kipande kifike sentimita 15. Rudi kwenye viwili viwili kwa sentimita 3, funga vitanzi bila kukaza. Jumla 18.
Kunja kati, shona ubavu: sentimita 9 kutoka kifundoni, acha tundu la sentimita 5 kwa ajili ya gumba, shona 4 zilizobaki.
Rangi badilisha mwanzoni mwa mstari, na uache mkia mrefu kama kiganja ili uuchome ndani vizuri. Mkia mfupi unachomoka.

Elia, 17:22
Nimenakili kwenye daftari.

Jumatano

Stella, 11:14
Uzi wa kahawa nimemkabidhi Baraka jana. Umenyooka kweli, dada. Nilikaa naushika tu.

Mama Neema, 21:50
[Picha]
Mkono wa kulia umekwisha. Nimeutia mkononi kwangu, joto lake ni la aina nyingine kabisa. Sufu hata ikinyonya unyevu bado inapasha, na asubuhi za huko zina umande. Natamani ningejua habari za masweta yaliyotobolewa miaka kumi iliyopita.

Ijumaa

Baraka, 05:55
Mzigo nimempa kondakta wa gari la Kasulu. Mfuko mweusi, una jina la Elia. Ndani kuna za Bibi, uzi wa Elia na migebuka mikavu.

Elia, 14:31
Nimepokea, asante kaka.

Jumamosi

Elia, 07:03
Bibi amevaa. Anashukuru sana, amewataja wote kwa majina hadi waliotangulia. Lakini gumba halipiti. Kile kifundo cha gumba kilichovimba kinakwama kwenye tundu, na anasema tusiwaambie.

Mama Neema, 07:06
Umefanya vizuri kuniambia. Nimepima kwa gumba langu, ndiyo kosa. Usifumue glavu. Tafuta mshono wa ubavuni, ule uliopo juu ya gumba. Fumua sentimita 2 tu, kisha piga fundo mara mbili ili usiendelee kufunguka, mkia uchome ndani. Ndiyo maana napenda za kushona ubavu, tundu unalisogeza bila kugusa kitanzi hata kimoja.

Elia, 07:29
Nimefumua. Limepita.

Elia, 07:30
[Picha]

Yusta, 07:41
Vidole vyake vina rangi nzuri. Havijabanwa.

Mwalimu, 07:44
Ameshika haragwe moja kati ya vidole viwili. Nimelikuza nikaliona.

Elia, 07:58
Anachambua toka hapo, hajainuka. Kuni ameniachia mimi. Sasa anauliza mwili wa lile sweta uko wapi.

Stella, 08:05
Ninao. Nimeanza kulifumua shingoni.