Asali ya mjomba imerudishwa, wanasema vimeng'enya vimekufa. Watu wa baiokemia naombeni mnieleweshe

Kijana_wa_Isevya

Mwangaluka wadau. Naombeni msaada hapa maana nimejaribu kusoma mwenyewe nimeishia kuchanganyikiwa.

Mjomba wangu anarina asali porini huko njia ya Sikonge, mizinga yake mingi ni ya magome na michache ya masanduku. Mwaka huu alipata mteja wa Dar, kapeleka ndoo 12 za lita 20, baada ya wiki mbili kapigiwa simu eti asali imepimwa maabara haifai, diastesi iko chini na kitu kinaitwa HMF kiko juu. Wakamwambia vimeng'enya vimekufa kwa moto. Ndoo zikarudi na nauli kalipa mwenyewe. Mzee anaapa hajatia sukari hata kijiko na mimi namuamini kwasababu nilikuwepo siku tunachuja, alichofanya ni kuipasha kwenye sufuria kubwa kama nusu saa hivi ipite kwenye kitambaa maana ilishaanza kuganda. Alafu ndoo zilikaa stoo ya bati kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja, mnalijua joto la Tabora miezi hiyo.

Sasa mimi nauliza, asali si kitu hai, hivyo vimeng'enya vinakufaje? Na jambo la pili, nimemaliza kidato cha sita PCB, moja ya kozi ninazofikiria kuomba ni za mambo haya haya ya baiokemia ila nyumbani wananiuliza "hiyo kazi yake nini, utakuwa daktari?" nakosa jibu. Hao watu wanafanya nini hasa huko maabara miaka yote? Mwenye kujua anieleze kwa lugha ya kawaida tafadhali.

Mrina_wa_zamani

Pole sana mwanangu, na umpe pole mjomba wako. Mimi nina miaka zaidi ya 30 kwenye kazi hii na kosa hilo nimelifanya zaidi ya mara moja. Asali ikiganda haijaharibika, ni ile sukari ya glukosi inakaa chembe chembe, hata asali safi kabisa inaganda. Usiweke sufuria ya asali motoni moja kwa moja. Weka ndoo ndani ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia kukaa humo, uwe na subira inachukua hata siku nzima. Au anika juani kidogo kisha uchuje. Ya kitaalamu nawaachia wenyewe ila kwa mikono yangu najua asali iliyopikwa hata harufu yake ya maua inapotea, inanukia kama sukari guru.

Binti_Ngambo

Shikamoo mzee wetu, umesema kweli tupu hasa hilo la harufu.

Mdogo wangu wa Isevya, mimi ni mtoto wa Ng'ambo hapo hapo Tabora, sa hivi nasoma masta na kazi yangu ni vimeng'enya kuanzia asubuhi mpaka usiku, kwahiyo uniwie radhi nikirefusha maana swali lako nimelipenda mno.

Neno "kufa" ndio linakuchanganya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia kama kuvunja sukari au wanga, yaani ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja kunja ukapata umbo lake maalumu, na kwenye hilo umbo kuna kama kishimo ambako kazi yote inafanyika. Ukiupasha moto mnyororo unakunjuka, kishimo kinapotea, na kazi imeishia hapo. Angalia ute wa yai ukiweka kwenye kikaango, unatoka kwenye maji maji unakuwa mweupe mgumu, ukiuacha upoe haurudi kuwa ute. Diastesi ya mjomba imepatwa na jambo la namna hiyo hiyo, tofauti ni kwamba kwenye asali hauwezi kuona kwa macho.

Zinatoka wapi? Kwa nyuki mwenyewe. Nekta ya maua ni maji mengi na sukari, nyingi ni sukrosi kama hii ya dukani. Nyuki anachanganya na vimeng'enya kutoka kwenye tezi za kichwani kwake. Kuna invertesi inayovunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, kuna diastesi inayovunja wanga, alafu kuna glukosi oksidesi ambayo naipenda kuliko zote kwasababu inachukua glukosi na oksijeni inatoa asidi pamoja na haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda. Zamani watu walijua asali inazuia vijidudu bila kujua kwanini, mwaka 1963 ndio watafiti wa Marekani walionyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni peroksaidi inayotengenezwa na kimeng'enya hicho. Tena asali nzito iliyokomaa karibu haiitoi kabisa, inaanza kuitoa ukiichanganya na maji kidogo, kama inavyokutana na majimaji ya kidonda. Ndio maana asali ya kutibia vidonda hospitalini inasafishwa kwa mionzi ya gama, ukiichemsha ili uue vijidudu umeua na hiyo kazi yake.

Sasa moto. Kuna vipimo vya Wamarekani vya miaka ya 60 vinatumika mpaka leo: kwenye joto la nyuzi 30 diastesi inapungua nusu kwa karibu siku 200, kwenye nyuzi 80 inapungua nusu kwa saa 1 na kidogo tu. Invertesi ni dhaifu zaidi, nyuzi 80 nusu inaondoka ndani ya dakika 9 hivi. Kwahiyo mjomba kapigwa mara mbili, sufuria kwanza alafu stoo ya bati kwa miezi mitatu. Hiyo HMF nayo ni fruktosi iliyopoteza maji ndani ya asidi ya asali, joto linaiharakisha. Moja inashuka nyingine inapanda, mpimaji akiziona pamoja anajua asali imepikwa au imekaa sana kwenye joto.

Ila aombe namba zenyewe kwenye karatasi! Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema HMF isizidi miligramu 40 kwa kilo, lakini asali inayotoka nchi za joto kama kwetu imeruhusiwa mpaka 80. Diastesi isiwe chini ya 8 kwa kipimo cha Schade. Kama HMF yake ilikuwa 60 na mteja katumia 40 ya nchi za baridi basi hapo kaonewa na ana haki ya kuuliza.

Swali lako la pili nalijibu jioni, nina sampuli kwenye barafu zinanisubiri.

Mama_Chikichi_Kgm

Jamani huku Kigoma nimesoma hii nikakumbuka mawese. Mama yangu alikuwa mkali, chikichi zikishakatwa na kudondoshwa chini anataka zichemshwe mapema, sio kuziacha zimelala siku nne tano mpaka zilainike zenyewe kama wengine wanavyofanya. Yale ya kuchelewa yanawasha kooni na bei inashuka. Dada wa Ng'ambo hiyo nayo ni vimeng'enya? Maana mimi nilidhani ni uchafu tu.

Binti_Ngambo

Dada Mama Chikichi ni vimeng'enya kabisa, na mama yako alikuwa sahihi. Kwenye nyama ya chikichi kuna lipesi, kazi yake kuvunja mafuta. Tunda likiwa zima juu ya mti mafuta na lipesi zimetengana, likipondeka zinakutana na mafuta yanaanza kukatika kuwa asidi za mafuta, ndio huo muwasho. Ukichemsha umeikunjua lipesi, imekwisha. Angalia sasa, kwenye asali moto ni adui na kwenye chikichi moto ni mwokozi, na jambo linalotokea ni lile lile moja.

Haya mdogo wangu, kazi ya mtu wa baiokemia. Wa nyumbani uwaambie hivi: sio daktari wa kutibu watu, ni mtu anayetaka kujua hizo molekuli za mwilini na kwenye mimea zinafanyaje kazi, kwa haraka gani, na nini kinazizuia. Sehemu kubwa ya siku ni kupima KASI.

Mwaka 1913 kule Berlin, Leonor Michaelis na Maud Menten, huyu Menten ni mwanamke daktari kutoka Kanada, walichapisha kazi ambayo kila mwanafunzi wa baiokemia duniani anaikuta. Kimeng'enya walichotumia ni invertesi ya hamira, kazi yake ni ile ile ya invertesi ya nyuki! Sukrosi inapindisha kwenda kulia mwanga uliochujwa ili utetemeke upande mmoja tu, ikishavunjwa mchanganyiko unaupindisha kwenda kushoto, basi wao wanatoa sampuli kidogo, wanaisimamisha kwa kutia alkali, wanasoma pembe, wanarudia na kiwango kingine cha sukari, na kingine, na kingine.

Walichokiona fikiria mashine ya kusaga ya mtaani kwenu. Wateja wachache mashine inasubiri, wakiongezeka inasaga zaidi kwa saa, lakini foleni ikifika barabarani hata ukileta magunia mia haisagi haraka zaidi, imefika mwisho wake. Kimeng'enya ni hivyo hivyo, kuna kasi ya juu kabisa, na kuna kiasi cha sukari ambacho kinakifanya kiende nusu ya hiyo kasi. Hizo namba mbili tu zinakuambia mengi sana, dawa nyingi zinapotafutwa kipimo kinaanzia hapo, unaweka dawa unaangalia kimeng'enya cha kijidudu kimepungua kasi kiasi gani na kwa njia gani.

Na kuhusu "miaka yote", kuna mtu anaitwa James Sumner, Mmarekani, mkono wa kushoto aliupoteza kwenye ajali ya kuwinda akiwa kijana wa miaka 17 na ndio aliokuwa akitumia. Mwaka 1917 alianza kutafuta yuriesi ndani ya aina fulani ya maharage, kimeng'enya kinachovunja yurea kutoa amonia, ile harufu kali ya chooni bakteria wanaitoa kwa kimeng'enya cha aina hiyo. Miaka 9. Mwaka 1926 akapata fuwele safi na kusema hii ni protini. Wakubwa wa kemia Ulaya wakamkatalia, walishaamini vimeng'enya sio protini. Alikuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1946. Mimi siku ambayo jaribio limeniharibikia kwa mara ya nne namkumbuka yule mtu na mkono wake mmoja.

Kijana_wa_Isevya

Dada nimesoma mara tatu, nimemsomea na mjomba kwa sauti, kasema ya mashine ya kusaga kaielewa yote. Sasa naweza kuipima diastesi mimi mwenyewe hapa nyumbani bila maabara? Kuna asali kidogo ya masega ambayo haikupitia sufuria.

Binti_Ngambo

Unaweza, haitakupa namba ya kupeleka kwa mteja ila utaona kwa macho yako. Kijiko kidogo cha unga wa muhogo kwenye nusu lita ya maji, chemsha mpaka iwe kama uji mwepesi sana, iache ipoe. Gawa kwenye glasi, weka chumvi punje chache maana diastesi inafanya kazi vizuri ikipata kloridi, alafu kijiko kikubwa cha asali kila glasi, zikae kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kila baada ya dakika 5 chukua matone kidogo kwenye kisahani cheupe weka tone la iodini ya duka la dawa. Wanga ukiwepo ni bluu, ukishavunjwa rangi inakuwa zambarau, kahawia, mwisho njano.

Sharti langu moja na usilipuuze. Lazima uwe na glasi ya asali ile ile ya masega ambayo umeichemsha makusudi kabisa, na nyingine ya wanga bila asali. Asali ina vitu vingine vinavyoweza kula rangi ya iodini bila kimeng'enya chochote. Kama ile uliyoichemsha nayo inapoteza bluu haraka, basi hujapima diastesi, umepima kitu kingine. Andika dakika kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Kijana_wa_Isevya

Wadau nimerudi. Tumefanya jana jioni na mjomba na wadogo zangu wawili, glasi nne kwenye beseni la kufulia, mdogo wangu wa kike ndio alishika saa ya simu.

Ya wanga mtupu bluu mwanzo mpaka mwisho. Niliyoichemsha makusudi, bluu, dakika ya 60 bado bluu, imefifia kidogo sana. Ya masega: dakika ya 10 zambarau, ya 15 kahawia, ya 25 njano kabisa hakuna bluu hata chembe. Ya ndoo zilizorudi: dakika ya 25 bluu, ya 40 inaelekea zambarau, dakika ya 60 zambarau iliyokolea ikabaki hapo.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu anaangalia visahani vimepangwa mezani. Kisha akasema "kumbe haijaisha yote." Leo asubuhi kampigia mteja kaomba ile karatasi ya vipimo na kanituma soko kuu nikanunue kipimajoto.

Dada nina swali lingine. Ile ya masega nikiweka nusu kijiko badala ya kijiko kizima, muda utakuwa mara mbili, au?

Binti_Ngambo

Usiniulize mimi, pima! Weka kijiko kizima, nusu na robo, wanga ule ule, joto lile lile, kila moja irudie mara tatu. Chora dakika dhidi ya kiasi cha asali kwenye karatasi ya mraba uniletee picha hapa. Na hiyo picha itunze kwenye daftari pamoja na vya jana.

Mrina_wa_zamani

Binti, na mimi nina asali ya mizinga mitatu tofauti, ya magome, ya gogo na ya sanduku, zote za msimu mmoja. Huyo kijana akimaliza hizo glasi zake aje nimpe na hizi tuone.